Kompyuta Arobaini, Faili Moja la Majibu

Ukitaka kujua hali halisi ya kompyuta katika shule, zahanati na saiba za Meru na Embu, usianze kwa kuhesabu mashine. Uliza mfumo endeshi uliomo ndani yake ulitoka wapi. Mara nyingi utajibiwa kwamba ulitoka kwenye flashi ya fundi. Ukidadisi zaidi, kwamba flashi yenyewe ilijazwa na nani, lini, na ina nini hasa, jibu hukosekana. Mwalimu mkuu hajui. Mwalimu wa somo la Kompyuta hajui. Fundi naye aliipata kwa fundi mwenzake, na huyo mwenzake aliipakua usiku mmoja, saa ambazo bando ni nafuu, kutoka tovuti ambayo hata jina lake amelisahau.

Kazi yenyewe tunaijua. Shule iliyo Runyenjes, Siakago, Nkubu au Maua ina chumba cha kompyuta. Mashine zimekuwa nzito, nyingine zinajizima, nyingine hazifungui programu ambazo watahiniwa watazihitaji katika mtihani wa vitendo wa KCSE. Fundi anaitwa kutoka Makutano mjini Meru, au kutoka mjini Embu. Anaketi mbele ya mashine ya kwanza, anachomeka flashi, anachagua lugha, anachagua saa, anafuta diski, anasubiri. Anahamia ya pili. Kufikia jioni amechoka, na mtu aliyechoka hubofya popote. Mashine ya ishirini na saba inapata saa za Marekani, ya thelathini inakosa programu ya hifadhidata, ya thelathini na moja inabaki na nenosiri ambalo hakuna anayelikumbuka. Watahiniwa wawili walioketi bega kwa bega wanafanya mtihani mmoja kwenye mashine mbili zisizofanana.

Simlaumu fundi. Maswali yale ya kwenye skrini yalitungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyenunua kompyuta moja na kuketi nayo nyumbani kwake. Hayakutungwa kwa ajili ya chumba chenye mashine arobaini zinazopaswa kufanana. Tunapomlazimisha mtu kujibu maswali kumi mara arobaini, tunamwomba asikosee hata mara moja katika majibu mia nne. Hakuna binadamu wa kazi hiyo.

Usakinishaji wa kiotomatiki ni kuyajibu maswali hayo mara moja tu, kwa maandishi, kisha kuiachia mashine kazi ya kuyasoma. Wengi wanaoifahamu teknolojia hii huisifu kwa kasi yake. Mimi naiona kasi kuwa faida ya pili. Ya kwanza ni kwamba maamuzi yanatoka kichwani na mfukoni mwa mtu mmoja na kuwa mali ya taasisi. Kilichoandikwa kinasomeka, kinapingwa, kinasahihishwa, kinarithiwa. Mwalimu akihamishwa na TSC kutoka Tigania kwenda Mbeere, maandishi yanabaki shuleni. Fundi akipata kazi Nairobi, maandishi yanabaki. Katika kaunti hizi mbili, zenye watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2019 na mafundi wachache wanaozunguka huku na huko, hilo ndilo jambo ninalolipigania.

Tuangalie linavyotendeka. Karibu kila kompyuta ya mezani ya ofisini iliyotengenezwa katika miongo miwili iliyopita inaweza kuanza kazi bila diski wala flashi, kwa kupitia waya wa mtandao. Uwezo huo huitwa PXE, na toleo lake lililoenea, la 2.1, lilichapishwa na Intel mwaka 1999. Mashine ikiwashwa, kadi yake ya mtandao hupiga mbiu ndani ya chumba ikiomba anwani. Seva hujibu kwa itifaki ya DHCP: anwani yako hii, na faili la kuanzia liko mahali hapa. Kadi hulivuta faili hilo dogo, nalo huvuta kisakinishi kizima. Kisakinishi kikishaamka hakimuulizi mtu swali. Huliendea faili la majibu lililo kwenye seva ileile na kulisoma mstari kwa mstari.

Ndani ya faili hilo mna mambo ya kawaida kabisa. Saa ni Africa/Nairobi. Diski igawanywe mara mbili, sehemu ya mfumo na sehemu ya kazi za wanafunzi. Mashine ziitwe MAABARA-01 hadi MAABARA-40, kila jina likifuata namba ya kadi ya mtandao ya mashine husika. Kuwe na akaunti ya mwanafunzi isiyo na mamlaka ya kuongeza programu, na akaunti ya msimamizi. Programu za kuandikia, za majedwali, za hifadhidata na za uchapishaji ziwekwe hizi na si nyingine. Kila ukoo wa mifumo una namna yake ya kuyaandika haya. Debian hutumia preseed, Red Hat hutumia Kickstart, Ubuntu ilileta autoinstall katika toleo lake la seva la 20.04 mwaka 2020, na Windows husoma faili la XML liitwalo unattend. Sarufi zinatofautiana, maswali ni yaleyale.

Mwenye saiba mwenye mashine tano pale Kiritiri au Timau hahitaji hata seva. Windows ina desturi ambayo mafundi wengi hawajawahi kuitumia: kisakinishi kikikuta faili liitwalo autounattend.xml kwenye shina la flashi, hulisoma na kulitii bila kuuliza. Ukilitunga vizuri mara moja, unachomeka flashi, unaondoka kwenda kumhudumia mteja wa KRA au wa eCitizen, unarudi ukute mashine imekamilika. Watu hudhani otomatiki ni anasa ya benki na makampuni makubwa ya Nairobi, kumbe inaanza na faili moja la maandishi linaloweza kuhaririwa kwa programu ya kawaida kabisa.

Wazo hili si geni duniani. Mark Burgess, akiwa Chuo Kikuu cha Oslo, alianzisha CFEngine mwaka 1993 kwa sababu kompyuta za huko zilikuwa za aina nyingi na kila moja ilitaka kubembelezwa kivyake. Thomas Lange wa Chuo Kikuu cha Cologne nchini Ujerumani alianza FAI mwaka 1999, mfumo wa kusakinisha Debian bila kugusa kibodi, na unaendelea kutumika hadi leo. Wote wawili walikuwa vyuoni, wakihangaika na kompyuta nyingi kama sisi.

Sambamba na hao ikazuka njia nyingine, ya kunakili diski. Unaitengeneza mashine moja mpaka ikamilike, unaifanya mama, kisha unainakili diski yake yote kwenye mashine nyingine. Programu ya Ghost, iliyotungwa na Murray Haszard huko Auckland, New Zealand, mwaka 1995, ndiyo iliyoieneza njia hiyo. Symantec iliinunua mwaka 1998. Leo kazi hiyo hufanywa bila malipo na Clonezilla, iliyotoka Taiwan, au na FOG. Mafundi wetu wengi, wakisikia neno otomatiki, huwaza kunakili, na ninaelewa kwa nini. Ni rahisi na matokeo yanaonekana mara moja.

Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Nakala ya diski ni jibu lisilo na swali. Ukiitazama huoni ni nani aliamua nini. Ina programu ambazo hakuna aliyeziomba, akaunti iliyosahaulika, mipangilio iliyoguswa saa tano usiku ili kitu fulani kifanye kazi. Na inabeba kila ugonjwa wa mama yake. Mkulima wa migomba wa Imenti Kusini anaielewa hatari hii vizuri: ukichukua chipukizi kutoka shamba la jirani, umechukua pamoja nalo fukusi na minyoo ya mizizi iliyokuwa huko, na shamba jipya linaanza maisha likiwa mgonjwa. Ndiyo sababu wengi walihamia kwenye miche ya tishu inayotoka maabara ikiwa safi.

Kisha kuna umri. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba pengo katika itifaki ya zamani ya kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, chini ya miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye pengo hilohilo na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya mia moja, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Sasa fikiria nakala iliyotengenezwa Januari 2017 na kuhifadhiwa kwenye diski ya fundi. Kila mashine iliyowekewa nakala hiyo mwezi wa Juni ilizaliwa na pengo lililokuwa limezibwa tayari kwingineko. Shule ililipa pesa za kazi mpya na kupewa hatari kuukuu. Faili la majibu, kinyume chake, halibebi programu ndani yake. Linataja tu majina yake. Siku ya kusakinisha linaweza kuvuta toleo lililopo siku hiyo.

Na kuna jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, la leseni. Utafiti wa BSA, muungano wa kampuni za programu, uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya programu zilizokuwa kwenye kompyuta za Kenya hazikuwa na leseni. Flashi nyingi zinazozunguka kwetu zina vivunja leseni kama KMSpico, na maelekezo ya vivunja leseni hivyo huanza kwa kukutaka uzime kinga ya virusi. Fundi anazima kinga, anavunja leseni, kisha ananakili diski hiyo mara arobaini. Chumba kizima cha watoto kinafanya kazi bila kinga, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kinga ilizimwa. Katika faili la majibu, mstari wa kuzima kinga ungeonekana wazi. Mwalimu mkuu anaweza asijue XML, lakini mwalimu wa somo, au mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo, angeuona na kuuliza.

Sisemi kunakili kusitumike kamwe. Mashine zinazofanana kabisa, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kunakiliwa kwa haraka, mradi mama yake ametengenezwa kwa faili lililoandikwa, ametayarishwa kwa programu ya Sysprep ili kila nakala ipate utambulisho wake, na anatengenezwa upya kila muhula. Mama asiyejulikana alikozaliwa asinakiliwe.

Kwa nini niliandike hili sasa? Kwa sababu ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo katika shule na ofisi za Meru na Embu ni zile zilizotumika kwanza Ulaya, ambazo wauzaji huziita ex-UK. HP EliteBook 840 G3 ni mfano mzuri: mashine imara, ya bei nafuu, fundi yeyote anaijua kwa kuipapasa. Lakini prosesa yake ni ya kizazi cha sita cha Intel, na Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Lenovo T470 nyingi zinaangukia upande huohuo wa mstari. T480 nyingi zinavuka.

Kuna njia tatu mbele ya shule yenye mashine kama hizo. Inaweza kulipia masasisho ya ziada, na kwa taasisi za elimu Microsoft iliweka bei ndogo kweli, dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu. Inaweza kuingiza Windows 11 kwa nguvu, kwa kuruka ukaguzi wa prosesa, jambo ambalo Microsoft hailiungi mkono na ambalo mimi singependekeza kwa chumba cha mtihani. Au inaweza kuhamia Linux, ambako EliteBook ile ile ina miaka mingi ya kazi mbele yake. Walimu wengi wamezoea kufundisha kwa Word, Excel, Access na Publisher, na sitawaambia wavitupe katikati ya muhula, hasa kwa watahiniwa wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 ambayo imebakiza muda mfupi. Lakini Gredi ya 10 iliyoanza Januari 2026 inastahili kupangiwa upya, na hakuna sababu ya kuifunga kwenye programu ambayo mwanafunzi hawezi kwenda nayo nyumbani bila kuiiba.

Njia yoyote itakayochaguliwa, mamia ya vyumba vya kompyuta vitapaswa kusakinishwa upya. Vikisakinishwa kwa flashi zilezile, tutakuwa tumelitumia badiliko hili kubwa kurudia makosa yaleyale kwa jina jipya.

Mtandao wetu unatudai hesabu. Tuseme kisakinishi cha Windows 11 kina gigabaiti 5. Kompyuta arobaini zikipakua kila moja kivyake, ni gigabaiti 200. Kwa laini ya intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikifanya kazi bila kukatika, hiyo ni zaidi ya saa 44, na shule haitafanya lingine lolote muda huo wote. Seva ikiwa chumbani, hesabu inageuka. Hata swichi kuukuu ya megabiti 100 inapitisha gigabaiti 5 kwa dakika saba hivi. Seva ikihudumia mashine moja baada ya nyingine, ni saa nne na nusu. Ikitangaza kwa mashine zote kwa pamoja, kila moja ikisikiliza mkondo mmoja, tunarudi karibu na zile dakika saba, ukiongeza muda wa kuandika kwenye diski. Swichi ya gigabiti inapunguza zaidi. Intaneti inahitajika mara moja tu, ya kuijaza seva.

Masasisho ya baadaye nayo yanafuata mantiki hiyo. Kwenye Debian na Ubuntu, programu ndogo iitwayo apt-cacher-ng huhifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa, hivyo mashine ya kwanza inalipia bando na thelathini na tisa zinapewa bure. Windows ina Delivery Optimization, inayoruhusu mashine za mtandao mmoja kugawana masasisho. Imo ndani tayari, inahitaji tu kupangwa, na mpangilio huo ni mstari mwingine wa faili la majibu. Vyuo vikuu vina bahati zaidi, kwa kuwa KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999, una hazina ya Ubuntu na Debian humu nchini, na mafaili hayalazimiki kuvuka bahari.

Kuhusu stima, Embu ina uchungu wake wa pekee. Mabwawa ya Seven Forks yamepangana kwenye Mto Tana, mpakani mwa kaunti hiyo, kuanzia Kindaruma ya 1968 hadi Kiambere ya 1988, na nyaya nene za umeme zinapita juu ya vijiji vya Mbeere zikienda kwingine. Shule iliyo chini ya nyaya hizo inaweza kupotelewa na stima katikati ya kazi. Fundi wa flashi akipotelewa na stima kwenye mashine ya kumi na tano, huanza kubahatisha: ipi ilikamilika, ipi ilikatika nusu, ipi ilipata programu zote? Otomatiki haizuii stima kupotea. Inachofanya ni kuifanya hasara iwe ndogo. Stima ikirudi, mashine ambazo hazikukamilika zinaanza upya zenyewe kutoka mwanzo na kufika palepale, kwa kuwa maelekezo ni yaleyale. Seva na swichi zinahitaji UPS. Zile arobaini hazihitaji. Shule ikiwa na pesa kidogo za umeme wa akiba, nashauri ziende huko kwanza kabla ya kufikiria kitu kingine.

Nisiifanye teknolojia hii ionekane haina meno. Kinachosakinisha bila kuuliza kinafuta pia bila kuuliza. Mwezi Mei 2014, katika Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, amri ya kusakinisha Windows 7 ilitumwa kimakosa kwa kompyuta zote za Windows za chuo hicho, za mezani, za mkononi na hata seva. Walipogundua na kuizima seva ya usambazaji, nayo ilikuwa imeshajifuta. Hilo lilitokea penye wataalamu wengi. Kwetu, penye mtaalamu mmoja wa kuazima, tahadhari inapaswa kuwa ndani ya mpangilio wenyewe: mashine ikiwaka kwa mtandao, jibu la kawaida la seva liwe “rudi kwenye diski yako”, na usakinishaji uruhusiwe tu kwa mashine zilizoandikwa kwenye orodha ya siku hiyo. Baada ya kazi, orodha ifutwe.

Tahadhari nyingine ni ya DHCP. Seva ya usakinishaji ikichomekwa ovyo kwenye mtandao wa shule nzima, inaweza kuanza kugawa anwani ikishindana na ruta ya ofisi, na ghafla bwana fedha hawezi kuingia kwenye mfumo wa karo. Tumia swichi ya peke yake wakati wa kazi, au mpangilio wa programu ya dnsmasq unaojibu maswali ya PXE pekee na kuiachia ruta kazi ya anwani. Na nenosiri la msimamizi lisiandikwe wazi ndani ya faili linalosomwa na kila mashine chumbani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye udadisi atalipata kabla ya mwisho wa wiki, na udadisi huo ni mzuri, kwa hiyo mzigo ni wetu wa kuliweka kwa usimbaji au kulibadilisha mara usakinishaji ukiisha.

Nchi hii imewahi kuwa karibu kabisa na suluhisho. Mpango wa kitaifa wa vifaa vya kidijitali kwa shule za msingi, ulioahidiwa mwaka 2013 na kuanza kwa majaribio katika shule 150 mwaka 2016, ulisambaza vifaa zaidi ya milioni moja. Kila shule ilipaswa kupata vifaa vya wanafunzi, vya walimu, na pamoja navyo seva ndogo ya maudhui yenye ruta isiyo na waya. Seva! Chombo kilekile kinachohitajika kilifikishwa hadi shule za vijijini, kikabeba masomo ya KICD. Nasikitika kwamba hakikufikiriwa tangu mwanzo kuwa pia kituo cha kuvifufua vifaa vyenyewe vikiharibika. Kifaa ambacho mfumo wake umeharibika kinahesabiwa kuwa kimekufa, kinafungiwa kabatini, ilhali ndani yake hakuna kilichovunjika.

Kwa hiyo kazi hii iende wapi? Si lazima kuisubiri Nairobi. Meru ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru, ina Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya na ina chuo anuwai cha kitaifa. Embu ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2016. Vyote vina wanafunzi wa kompyuta ambao kila mwaka hutumwa kwenye mafunzo ya kazini, na wengi hupitisha wiki zao wakibofya vitufe vilevile vya kusakinisha kwenye ofisi za kaunti. Wape kazi yenye maana. Kikundi cha wanafunzi wawili au watatu, kompyuta moja kuukuu ya mezani yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 500, na swichi moja, ni seva ya usakinishaji inayobebeka kwenye buti la probox. Inaweza kuzunguka Manyatta yote wakati wa likizo ya Aprili. Mafaili ya majibu yakae chuoni, mahali pamoja, kila badiliko likiwa na tarehe na jina la aliyelifanya, na kila shule ipewe nakala yake. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotolewa msaada tangu 2002 na kuzipeleka shuleni. Mashine hizo zikifika, ziingie kwenye mpango huo siku hiyohiyo.

Najua pingamizi litakalotolewa na mafundi wa mjini: mkitufundisha hivi, tutakula nini? Ni swali la haki. Fundi anayelipwa kwa kila mashine anapata zaidi kazi ikiwa ndefu na ikirudiwa mara kwa mara. Mtindo wa malipo ubadilike. Shule imlipe kwa mwaka, kwa kutunza faili na seva, kuleta masasisho kila muhula, na kubadilisha diski na RAM zinapochoka. Fundi mmoja mwenye mikataba ya shule ishirini kati ya Nkubu na Mitunguu ana mapato anayoweza kuyapangia, na shule zinapata mtu anayefaidika mashine zikiwa nzima.

Wasimamizi wa shule na maafisa wa ununuzi wa kaunti, mnapoandika zabuni ijayo ya kusakinisha au kusasisha kompyuta, wekeni masharti yafuatayo kabla ya malipo ya mwisho. Mzabuni akabidhi faili la majibu lenyewe, likiwa na orodha ya kila programu na leseni yake. Nenosiri la msimamizi likabidhiwe kwa mwalimu mkuu katika bahasha iliyofungwa. Kisha mwalimu wa somo achague mashine yoyote chumbani, bila kumwambia fundi mapema, aifute diski yake, aichomeke kwenye waya na kuiwasha. Fundi asimame mlangoni. Mashine ikifika kwenye skrini ya mwanafunzi bila mtu kugusa kibodi, hundi itiwe sahihi.